Kivuli Alichokiomba Bi Fusae

Nyumba ya marehemu Bi Fusae Mizobe siku hizi ina kufuli la namba mlangoni. Wageni wa siku mbili tatu huingia na masanduku ya magurudumu, hupiga picha dari na ngazi, huondoka. Waliokarabati walimwaga zege kwenye kile kiwanja chembamba cha ubavuni, wakatandaza kokoto nyeupe juu yake, kisha wakaandika kwenye tangazo kwamba nyumba ina bustani. Nikipita hapo damu hunichemka. Wageni hawana kosa lolote. Ninachokasirikia ni hilo neno, maana hapo palikuwa na bustani kweli, na aliyeitunza alikuwa mfumaji wa kawaida ambaye hakuna tangazo litakalomtaja. Basi nimtaje mimi.

Nilizaliwa nyumba iliyo mkabala na yake, katika kichochoro cha Nishijin hapa Kyoto, wakati kichochoro chetu kilipokuwa bado kinafuma. Kila nyumba ilikuwa na mtambo wa kufumia mishipi ya kimono, na mlio wa mitambo ulianza kabla supu ya asubuhi haijapoa. Mtoto akilia kwa kelele, waliambizana kwamba ni mgeni. Watoto wa hapa walilia mitambo ikinyamaza. Mama yangu aliweza kujua nani anaumwa kwa kusikiliza tu mtambo upi umekaa kimya.

"Leo Fusae hajaanza," alikuwa akisema huku anaosha mchele. "Ama ana homa ama yuko kwa maua yake."

Mara nyingi alikuwa kwa maua yake.

Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana kwa kuvuta mtambo maisha yake yote, na mfukoni mwa aproni yake hamkukosa makasi, uzi, na vijiti vikuukuu vya kulia chakula. Hivyo vijiti vilikuwa vya viwavi. Maua yenyewe yalikuwa kamelia, na kamelia ina viwavi wake, wenye malaika makali hata ngozi waliyoijivua ikikugusa unajikuna siku kadhaa. Bi Fusae aliwaokota mmoja mmoja, akawatumbukiza kwenye mkebe wa maji ya sabuni, na kila mmoja alimsemesha.

"Umeshiba, babu? Haya, twende ukaoge."

Kile kiwanja kilikaa kati ya nyumba yake na ukuta wa jirani, Bwana Imanishi. Zamani palikuwa na banda la kufumia, likabomolewa, ikabaki kama mkanda wa ardhi yenye unyevunyevu na mawe yaliyoota uwoya wa kijani. Ng'ambo ya ukuta, upande wa magharibi, Bwana Imanishi alikuwa na mkeyaki, mti wa huku wenye kivuli kipana, mkubwa sana, matawi yake yakipita juu ya kiwanja mpaka juu ya paa la Bi Fusae. Mtu mwingine angelalamika. Nguo hazikauki, nyanya haziivi. Bi Fusae aliuona mkeyaki ule kama neema iliyoshuka kwa ajili yake tu.

Sababu yake ilikuwa rahisi. Kamelia inachanua wakati wa baridi, lakini matumba yake huyatengeneza kiangazi, katikati ya joto letu la Kyoto ambalo hata paka hulikimbia. Jua la alasiri ndilo linaloiunguza. Mkeyaki ulisimama hasa hapo linapotokea jua hilo, ukiwa na majani tele. Baridi ikifika, mkeyaki unapukutika na kubaki matawi matupu, na hapo jua dogo la mwezi wa kumi na mbili linapenya na kuyafungua maua. Mtu asingeweza kuagiza mti unaofaa zaidi ya ule.

Alikuwa na kamelia nyeupe, na za waridi, na moja yenye mistari kama vazi la mchekeshaji, na moja nyekundu chini ya ukuta wa Imanishi. Walimu wa sherehe za chai walimjia majira yote ya baridi kuomba tumba moja la kuweka katika chumba cha chai, moja tu, lile lililo karibu kufunguka. Aliwapa. Aliwapa kutoka katika hizo nyingine. Ile nyekundu ya ukutani hakuwahi kuikata hata jani.

Ile ya ukutani ilikuwa ya kwao. Bi Fusae alizaliwa kaskazini, kupita mji wa Mineyama, katika kijiji cha wafumaji wa hariri ambako theluji hufika madirishani na upepo huja na harufu ya bahari. Aliletwa huku akiwa msichana mdogo kujifunza kazi. Asubuhi ya kuondoka, mama yake alikata kijiti cha kamelia iliyokuwa mbele ya mlango wao, akakichomeka ndani ya figili nono ili kisikauke njiani, akamfungia katika kitambaa. Bi Fusae alisafiri na figili mapajani treni nzima. Alipofika kwa tajiri wake wa kwanza, wasichana wenzake walimcheka mpaka wakakaa chini.

"Kyoto hakuna mboga, ndiyo maana umebeba?"

Mke wa tajiri naye akaipokea figili kwa shukrani, akaikatakata, akaipika supu jioni ile ile. Bi Fusae alikikuta kijiti kwenye ndoo ya maganda. Alikitia katika kikombe cha maji, akala supu huku anatokwa na machozi, na kila alipoeleza kisa hicho alimalizia kwa kusema kwamba, haki ya Mungu, supu ilikuwa tamu.

Kijiti kikashika. Kilihama naye alipoolewa, kikapandwa chini ya ukuta wa Imanishi. Mumewe akafa mapema, binti yao akaolewa Nagoya, kamelia ikakua ikapita kimo cha mtu. Mara moja tu Bi Fusae alirudi kijijini. Nyumba yao ilikuwa imelala chini ya uzito wa theluji za miaka, mianzi imetoboa sakafu, na kamelia ya mlangoni ilikuwa imeng'olewa barabara ilipopanuliwa. Ua lile halikuwa na jina katika kitabu chochote, na kwa kadiri alivyojua lilikuwa limebaki mahali pamoja duniani, ubavuni mwa nyumba yake.

Sasa niseme kuhusu kufagia, kwa sababu yote yaliharibika hapo.

Hapa kwetu kila asubuhi unafagia mbele ya mlango wako, kisha unavuka mpaka wa jirani kwa upana wa ufagio mmoja, basi. Usipovuka kabisa, umemwambia jirani kwamba hamjuani. Ukivuka zaidi na kumfagilia mlango wake wote, umeuambia mtaa mzima kwamba yeye ni mchafu na wewe umechoka naye. Hakuna aliyeiandika sheria hii, na hakuna asiyeijua. Bi Fusae mwenyewe ndiye aliyewafundisha mabibi harusi waliohamia kichochoroni, akiwaonyesha kwa mguu: hapa, usipite hapa.

Mwaka ule ambao ndiyo kwanza nimemaliza chuo, Bwana Imanishi aliteleza kwenye ngazi ya ghala lake akaumia mgongo. Alikuwa mjane, anaishi peke yake katika nyumba kubwa ambayo enzi ya baba yake iligawa nyuzi kwa wafumaji wa mtaa na kupokea mishipi iliyokamilika. Bi Fusae alikuwa amefumia nyumba hiyo ujana wake wote. Bwana Imanishi alivikwa mkanda mgumu kiunoni, akapewa amri ya kulala, na vuli ikaingia yeye akiwa kitandani. Mkeyaki ukaanza kupukutika. Majani yalijaa mbele ya lango lake, yakaroa mvua, yakaanza kuoza.

Bi Fusae akachukua ufagio. Akafagia kwake, akavuka mpaka, akaendelea mpaka mwisho wa lango la Imanishi. Kesho yake hivyo hivyo, na siku zilizofuata.

Mama yangu alimvumilia kidogo, kisha akatoka.

"Fusae, shoga yangu, umevuka."

"Najua."

"Umevuka mpaka mlangoni kwake."

"Mgongo wake mbovu, atainama vipi? Na haya majani ni ya mti ulionilelea kamelia yangu miaka yote. Nikiyafagia naona kama naushukuru mti."

"Mti sawa. Na mwenye mti?"

"Bwana Imanishi ni mtu mzima. Ataelewa."

"Wewe ndiye uliyenifundisha mimi pa kukomea," alisema Mama. "Ulinipigia mstari chini kwa kisigino."

"Basi leo nimeufuta," akajibu Bi Fusae, akaendelea kufagia.

Bwana Imanishi hakuelewa. Angeelewa vipi? Sote tungesikia kile kile alichosikia yeye.

Mwaka mpya ulipokwisha kupita, asubuhi moja ya baridi kavu, wakata miti waliingia kwa Imanishi na misumeno ya mashine. Walianzia juu. Matawi yalishushwa kwa kamba, moja baada ya jingine, na vumbi la mbao likavuka ukuta na kutua juu ya kamelia nyekundu iliyokuwa imechanua kweli kweli wakati huo, mpaka maua yakawa kama yamenyunyiziwa unga. Bi Fusae alisimama kwenye kiwanja chake akiwa na mikono ndani ya aproni. Kabla ya alasiri, mahali palipokuwa na mkeyaki palikuwa na mbingu.

Kesho yake Bwana Imanishi alikuja mlangoni kwake. Alikuwa amevaa koti la suti juu ya ule mkanda wa kiunoni, na mikononi ana boksi la vitamutamu vya maharage, vimefungwa kwa karatasi ya duka la kifahari. Akainama kadiri mgongo ulivyomruhusu.

"Kwa miaka mingi mti wetu umekusumbua, Bi Fusae. Tunaomba radhi sana kwa kuchelewa."

"Hapana, hapana," alisema Bi Fusae, naye akainama zaidi yake. "Pole na kazi yote hiyo. Asante kwa kutufikiria."

Bwana Imanishi alirudi kwake kama mtu aliyetua mzigo.

Mama alikuwa ameshuhudia kutoka mlangoni kwetu. Alivuka kichochoro na ndara zake.

"Umemshukuru?"

"Ulitaka niseme nini? Mti umeshalala."

"Ungesema uliupenda."

"Ili akakae juu ya kisiki alie? Hauwezi kusimama tena. Kula hivi vitamutamu, ni vya duka zuri."

"Sili."

"Na mimi sili."

Boksi lilikaa katikati yao mpaka chai ikapoa. Nilivila mimi, vyote, kwa hasira.

Wakati ule niliamini kwamba kila uharibifu duniani una mtu mbaya nyuma yake, na kwamba kazi ya mtu aliyesoma ni kumtafuta na kumtaja. Nilitaka kuvuka kichochoro nikamwambie Imanishi alichofanya. Mama alinishika mkono wa shati. "Utamwambia kwa niaba ya nani? Mwenyewe ameshukuru." Nikabaki nimesimama, na mtu mbaya simwoni. Niliona wazee wawili waungwana wanaoinamiana kwa heshima juu ya maiti ya mti. Bado nadhani hakuna jambo la kutisha zaidi katika mtaa wetu kuliko adabu hiyo, na nimeona mengi yakifa kwayo, mahekalu madogo, visima, hata kazi yenyewe ya kufuma, kila mtu akingoja mwenzake aseme kwanza.

Kiangazi kikaja.

Kamelia nyeupe na za waridi zilikuwa karibu na nyumba, zikapata kivuli cha paa, zikahangaika lakini zikaishi. Ile ya ukutani ilikaa palepale jua la alasiri lilipodondokea. Kwanza majani yalipoteza mng'ao. Kisha yakatoka mabaka ya kahawia, kama kitambaa kilichoachwa chini ya pasi. Bi Fusae alitundika shuka kuukuu, upepo ukazichukua. Akatundika bitana za kimono, zikapauka. Akafunga mwavuli kwenye tawi, na watoto wa kichochoro wakaanza kuiita kamelia "bibi mgonjwa." Matumba yalipoanza kutokea, madogo kama maharage, yalikauka na kudondoka kabla hayajanenepa. Alikuwa akiyaokota chini na kuyapasua kwa ukucha, kuona kama ndani kuna wekundu wowote.

Akamwita Mzee Tokuji, mtunza bustani aliyezeeka pamoja na bustani za mtaa. Mzee Tokuji alichuchumaa, akabana gome kwa vidole, akafukua udongo kidogo.

"Mwaka huu itapona," alisema. "Wa pili sikuahidi."

"Tuihamishe."

"Tuipeleke wapi? Hapa kwako kivuli kimekwisha. Kilichobaki wamekaa hawa wengine." Akanyanyua kidevu kuelekea ng'ambo ya ukuta, kwenye ghala la Imanishi lenye kuta nene nyeupe. "Kule nyuma ya ghala, upande wa kaskazini, ndiko. Jua la alasiri halifiki hata likilipwa. Mwombe."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Nilishamshukuru kwa kuukata mti. Sasa niende nikamwambie nini?"

Mzee Tokuji akajipangusa jasho. "Basi nunua nyingine. Kamelia nyekundu si adimu."

Bi Fusae alimtazama. "Hii hawaiuzi," alisema, akaingia ndani kumletea mzee maji.

Siku chache baadaye, alasiri, joto likiwa limekaa juu ya kichochoro kama kifuniko, aliokota chini ya kamelia tumba lililokuwa limenenepa kuliko yote, lile alilokuwa amelifunika kwa kitambaa chenye maji kila mchana. Nilimwona kutoka dirishani kwetu. Alilitia mfukoni. Kisha akatoka kama alivyo, na aproni yake, bila zawadi, bila hata kujifuta uso, akasimama langoni kwa Imanishi na kuita.

Madirisha yote yalikuwa wazi kwa sababu ya joto. Kila nyumba ilikuwa inasikiliza na kujifanya inafanya jambo jingine.

"Ah, Bi Fusae," alisema Bwana Imanishi akitoka. "Joto hili jamani..."

"Nimekuja kuomba kivuli."

"Kivuli? Ingia basi, ndani kuna feni."

"Si changu mimi. Cha kamelia yangu. Tangu mti wako ulipokatwa inaungua, na mwakani itakufa."

Mama yangu, aliyekuwa anakunja nguo nyuma yangu, akaacha kukunja.

"Lakini," alisema Bwana Imanishi polepole, "mti niliukata kwa ajili yako."

"Najua."

"Ulikuwa unanifagilia lango. Vuli nzima. Mimi niko pale juu siwezi hata kugeuka, nasikia ufagio unafika mpakani, unavuka, unaendelea, unafika langoni kwangu, bado unaendelea. Nilikuwa najifunika blanketi mpaka kichwani. Nikasema, Bi Fusae huyu amefuma kwetu tangu enzi ya baba, hajanung'unika hata siku moja, sasa ameshindwa. Majani yetu yamemshinda."

"Nilikuwa nashukuru."

"Unashukuru nini?"

"Kivuli."

Bwana Imanishi akakaa kwenye kizingiti, polepole, mkono mmoja nyuma ya kiuno. "Marehemu mke wangu aliupenda sana mti ule," alisema. "Siku ile nililia bafuni, nimefungua maji yote, wakata miti wasinisikie."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize nini? Kama ufagio wako unanitukana?"

"Ndiyo."

"Bi Fusae. Mtu anaulizaje kitu kama hicho?"

"Sijui," alisema Bi Fusae. "Na mimi sikuweza. Ulipoleta vitamutamu nilikushukuru."

"Ulinishukuru vizuri sana," alisema Bwana Imanishi. "Usiku ule nililala kama mtoto."

Nadhani yeye ndiye aliyeanza kucheka, maana tulimsikia akilalamika mgongo katikati ya kicheko. Bi Fusae akafuata. Kilikuwa kicheko kibaya, kimechanganyika na kitu kingine, na hapa dirishani Mama alikuwa ameuma taulo.

Walipotulia, Bi Fusae akatoa lile tumba mfukoni akamwekea kiganjani.

"Hii ni ya kwetu. Mama ndiye aliyenipa. Kule hakujabaki nyumba wala mtu, imebaki hii. Mzee Tokuji anasema nyuma ya ghala lako itaishi."

"Tokuji anajua?"

"Anajua."

"Na hawa walio madirishani?" Akainua sauti. "Wote wanajua?"

Mahali fulani mtu aliangusha kijiko.

"Kwa hiyo nimebaki mimi tu," alisema. "Ilete."

"Ikikaa kwako haitakuwa tena mlangoni kwangu."

"Lango langu halina kufuli mchana."

Haikuwa kazi ya siku moja. Kamelia ya umri ule ukiing'oa ghafla unaizika. Mzee Tokuji alichimba mfereji kuizunguka, akaikata mizizi iliyokwenda mbali ili ile ya karibu itoe vinyweleo vipya, akarudisha udongo na mboji, akasema tungoje. Wakati wa kungoja, Bwana Imanishi alisimamisha mapazia ya matete upande wake wa ukuta, marefu, kwenye nguzo za mianzi, mahali hasa palipokuwa na mkeyaki. Kila mchana alitoka na mkanda wake kiunoni kuyasogeza kufuata jua. Mtu huyu ambaye nilikuwa nimeshamhukumu moyoni mwangu bila hata kumsikiliza alifanya kazi hiyo kiangazi chote cha pili, na sikusikia akiitaja.

Baridi zote mbili hizo kamelia haikutoa ua.

Ilihamishwa mwishoni mwa baridi ya pili. Mizizi ilifungwa pamoja na udongo wake kwa majani ya mpunga na kamba, donge zima likawa kama tumbo la mama mjamzito, wakalifunga kwenye mti wa kubebea na wanaume wa kichochoro tukabeba. Kutoka mlango wa Bi Fusae hadi lango la Imanishi ni mwendo wa pumzi chache tu, lakini wazee walitoka kusimama mbele ya nyumba zao kama msafara wa harusi unapita. Mtu akauliza mahari ni nini. Bi Fusae alitembea nyuma yake. Mzee Tokuji alipoanza kuyakata matawi, ili mizizi iliyopungua iweze kuyalisha yaliyobaki, Bi Fusae aliligeukia ghala, akaendelea kulitazama hadi makasi yaliponyamaza.

Kisha Bi Fusae na Bwana Imanishi wakaanza kugombana. Kichochoro chetu hakikuwahi kusikia kitu kama kile, wazee wawili wa Nishijin wakiambizana ukweli kwa sauti juu ya ukuta.

"Bwana Imanishi, unaizamisha."

"Wewe si ulisema isikauke?"

"Nilisema isikauke. Sikusema iogelee."

"Basi njoo umwagilie mwenyewe."

"Nakuja."

Na alikuja, mara moja asubuhi na mara moja jioni, na vijiti vyake vya viwavi. Mitambo ilizidi kunyamaza mtaani miaka hiyo, nyumba moja baada ya nyingine. Wa Bi Fusae nao ulinyamaza. Mama akiniuliza yuko wapi nilikuwa nasema yuko nyuma ya ghala, na mara nyingi nilikuwa sahihi. Bwana Imanishi alijifunza kulitofautisha tumba la ua na tumba la jani: la ua ni nono, la jani limechongoka. Akawa anayachungulia kwa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Kiangazi kilipokwisha bila matumba kudondoka, hakumwambia mtu yeyote. Alisema aliogopa kuyashtua.

Mti huo uko pale hadi leo, nyuma ya ghala. Lakini asubuhi ninayoikumbuka mimi ni moja, ya mwezi wa kumi na mbili. Theluji ilikuwa imeanguka, nyepesi. Mimi nilikuwa najifunga viatu niende kazini, Mama ananitafutia skafu, tukasikia sauti ya Bwana Imanishi juu ya ukuta.

"Bi Fusae, limefunguka."

Alitoka mbio kwa kadiri mtu wa umri ule anavyoweza kukimbia juu ya theluji. Mama akavaa ndara akamfuata, nami nikafuata nikiwa na kiatu kimoja hakijafungwa.

Lilikuwa ua moja. Lilikuwa chini, karibu na shina, upande wa ndani, ambako usipoinama hulioni. Jekundu, dogo, petali chache tu, katikati nyuzi za manjano zimesimama. Theluji ilikuwa imekaa juu ya jani lililolifunika. Bi Fusae alichuchumaa mbele yake. Hakuligusa. Alikaa hivyo mpaka Mama akaingiwa na wasiwasi wa magoti yake.

"Kwetu," alisema hatimaye, "zilianza kuchanua upande wa baharini. Mama alikuwa akiniamsha nikaangalie. Nilikuwa nakataa, baridi kali, nalilia kitanda. Alikuwa ananibeba na malazi yangu yote, godoro na blanketi, ananifungulia mlango nitazame, kisha ananirudisha."

Hakuwahi kutuambia hilo. Miaka yote, na Mama yangu rafiki yake.

Bwana Imanishi alijikohoza. "Bahari iko upande gani kutoka hapa?"

Bi Fusae akasimama kwa kumshika mkono. Akatafuta kidogo, akageuza kichwa huku na huku kama anayenusa, kisha akanyoosha kidole juu ya ukuta, kaskazini.

Wakageukia huko wote wawili, wakayatazama mapaa ya majirani.